Binti, Kisanduku na Ndege

Mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Washington isiyo na ngurumo wala haraka, inayochosha kama mgeni asiyeaga. Sajini Elieth Wambura aliegesha gari mbali kidogo, akatembea kwa miguu mbele ya migahawa ya mtaa wa Shaw iliyojaa wanafunzi wakikausha makoti yao, mfuko wa ushahidi ameukumbatia kifuani. Maktaba aliyokuwa akiitafuta ilikuwa nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na nyumba nyingine za matofali mekundu. Kama si kibao cha shaba mlangoni, mtu angedhani humo anakaa wakili.

Muda ulikuwa unamwishia. Kesho yake daktari wa maiti angetia saini kwamba Vumilia alikufa kwa ajali. Mwili ungekabidhiwa kwa mume, na Jumapili ungesafirishwa kwenda Dar es Salaam, kisha Iringa kwa mama yake. Mkuu wa kitengo alikuwa amemwambia Elieth waziwazi: mwanamke ameteleza kwenye ngazi akiwa na tenga la nguo chafu, mume amepiga simu mwenyewe, majirani hawakusikia kitu. Unatafuta nini zaidi?

Elieth alitafuta vitu viwili. Kwanza jeraha. Mtu anayeshuka ngazi huku amebeba tenga, akijikwaa, aghalabu huanguka kifudifudi. Viganja na magoti humwumia. Viganja vya Vumilia havikuwa na mchubuko hata mmoja. Jeraha lake lilikuwa kisogoni. Daktari alikuwa amesema huenda aliteleza kwa kisigino akaangukia mgongo, inatokea. Elieth naye alikubali kwamba inatokea.

Pili ilikuwa ile picha. Askari wa kwanza kufika aliitoa kwenye mfuko wa sare ya kazi ya marehemu: karatasi ya kale, ngumu, yenye mchoro wa wino mweusi wa binti ameshika kisanduku, kifuniko kimefunguka, na ndege anaruka kutoka ndani. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiholanzi. Fredy, mume wa marehemu, alisema hajawahi kuiona maishani mwake hadi dakika ile askari alipoitoa.

Na kwenye simu ya Vumilia kulikuwa na namba moja iliyojirudia mno. Namba hiyo ndiyo iliyomleta Elieth hapa.

Mwenye namba alimpokea chumba cha juu, kwenye meza ndefu isiyo na kitu juu yake. Aliitwa Phineas Mugo, mzaliwa wa Nyeri, mtunza picha wa maktaba ile, mtu mrefu mwenye ndevu zilizoanza mvi na suti nyeusi iliyompwaya. Elieth aliiweka picha mezani ikiwa ndani ya plastiki yake.

"Unaitambua?"

Phineas aliinama. Uso wake ukalainika, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Hii ni yangu. Yaani, ilikuwa yangu. Nilimpea Vumilia. Imefikaje kwa polisi?"

"Ulimpa lini?"

"Mama yangu alipoaga. Alikuwa kwenye nyumba ya wazee kule Falls Church, na Vumilia ndiye alimchunga mpaka siku ya mwisho. Picha ilitundikwa mbele ya kitanda cha mama. Nilipoenda kutoa vitu nikamwuliza Vumilia, wewe utabaki na nini cha kumkumbuka? Akasema hii."

"Ulikuwa wapi Jumanne jioni?"

"Jumanne?" Phineas alimtazama vizuri sasa. "Nilikuwa kwenye ndege. Nilienda kuzika mama, nimetua Jumatano. Hata hii suti sijaivua vizuri. Afande, Vumilia amefanya nini?"

"Amefariki, Bwana Mugo. Jumanne hiyo hiyo. Pole sana."

Mtunza picha alikaa. Alitoa leso mfukoni akaanza kuifuta meza iliyokuwa safi tangu mwanzo. Elieth alimwacha aifute, huku akimwangalia mikono. Alikuwa amewahi kuona watu wakiigiza mshtuko, na wengi huigiza kwa mdomo wakasahau mikono. Ya huyu ilirudia kufuta palepale.

"Samahani kwa swali hili," alisema. "Mlikuwa wapenzi?"

"Hapana."

"Namba yako imejaa kwenye simu yake."

"Ni habari za mama alizonitumia. Leo amekula, leo amekataa dawa, leo ameniuliza baba yako yuko wapi. Soma jumbe zote. Hakuna neno utakalopata hapo ambalo mume wake hangeweza kusoma." Aliikunja leso. "Ingawa sijui mume wake alisoma namna gani."

Elieth alivuta kiti akakaa. Msafara wa dhana aliokuja nao, wa mpenzi wa siri na mume asiyejua kitu, ulikuwa umeanza kupoteza njia. Tiketi na muhuri wa pasipoti vingethibitishwa kwa simu moja tu.

"Nifafanulie picha yenyewe," alisema. "Ina maana gani?"

"Inategemea unaisoma mara ya ngapi." Phineas aliisogeza karibu. "Waholanzi wa enzi hizo, miaka mia nne iliyopita, walipenda sana vitabu vya michoro ya maadili. Mchoro mmoja, beti chache chini yake, na fundisho. Kulikuwa na waliopenda mchoro uleule usomwe mara tatu. Mara ya kwanza kwa vijana na mambo ya mapenzi. Mara ya pili kwa mtu mzima, jinsi ya kuishi na watu. Ya tatu kwa mcha Mungu. Kama ukurasa una tumbili, tumbili anabaki yule yule, ila anakufundisha jambo lingine kila unapokua."

"Na huyu ndege?"

"Nianze na ya pili. Ndege ni siri. Ukishafungua kisanduku, neno limetoka."

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hivyo hivyo. Ya tatu, ndege ni roho na kisanduku ni mwili. Binti anajaribu kumshika, lakini mikono ya binadamu haiwezi. Hiyo ndiyo mama aliipenda. Na hiyo ndiyo Vumilia alikuwa akimwambia kila jioni akimlaza, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu: shosho, ndege wako bado yupo, lala."

"Umeruka ya kwanza."

Phineas alikohoa kidogo. "Ya kwanza ni ubikira. Binti ana hamu ya kujua kilichomo, anafungua, kinaruka. Wahuni wa wakati huo waliicheka sana. Na kuna ukali ndani yake pia, kwa sababu inasema hata anayetaka tu kuhakikisha kama ndege yupo, huyo tayari amempoteza."

"Vumilia alijua maana hiyo?"

"Kutoka kwangu? La. Yule ni mke wa wenyewe, afande. Mimi mwanamume mzima nimsimulie habari hizo nikianzia wapi? Nilimpea mbili zilizobaki, akatosheka. Alisema ataiweka ndani ya Biblia yake."

Elieth aliandika hayo, kisha akamsukumia ile picha. "Hebu iangalie kama unavyoangalia kazi yako. Kuna chochote kilichobadilika tangu ilipotoka mikononi mwako?"

Phineas alizima taa ya dari. Akawasha taa ndogo ya mezani, akailaza ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite juu yake kama jua la machweo linavyopita juu ya shamba. Papo hapo karatasi iliyoonekana nyororo ikajaa mistari: mikunjo mingi midogo iliyokatizana kama utando wa buibui.

"Imefinyangwa," alisema taratibu. "Mtu ameifanya mpira. Halafu..." Alichukua kioo cha kukuzia. "Halafu imepigwa pasi. Ni nani amepiga pasi kitu kama hiki?"

"Umejuaje ni pasi?"

"Mchoro huu ulichongwa kwenye bamba la shaba, karatasi ikalowanishwa, vikagandamizwa pamoja kwenye mtambo. Bamba huacha bonde kuzunguka picha nzima. Ukipitisha kidole unalisikia. Kwenye hii lilikuwepo, nililijua kama kovu la goti langu. Sasa limelala kabisa. Ni joto na uzito tu vinaweza kufanya hivyo. Na tazama pembeni huku." Palikuwa na doa la rangi ya chai, lenye ncha. "Hapa ncha ya pasi ilitulia kidogo."

Elieth alilitazama lile doa kwa muda mrefu. Kisha akashukuru, akairudisha picha chini ya koti. Phineas alimfuata hadi mlangoni.

"Afande. Ni picha iliyomwua?"

"Picha haina mikono, Bwana Mugo," Elieth alisema, akatoka kwenye mvua.

Ndani ya gari alimpigia Kimani, mwenzake wa zamu. Kimani alizaliwa Maryland kwa wazazi wa Kiambu; Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na Elieth alikwisha zoea kuzungumza naye hivyo, kila mmoja kwa lugha yake.

"Fungua video ya kamera ya kifuani ya askari wa kwanza. Pale anaposhuka chumba cha chini. Kuna meza ya kupigia pasi?"

Kimani alitafuta. Akasema ipo, ukutani, karibu na mashine ya kufulia.

"Kuna nguo juu yake?"

Hakuna nguo, Kimani alisema. Ila kuna pasi, imesimamishwa.

"Taa yake?"

Safari hii Kimani alichelewa zaidi. Alikuwa akiikuza picha. Kisha akasema neno moja la Kiingereza ambalo hata asiyejua Kiingereza angelielewa: inawaka. Taa ndogo nyekundu.

"Mwone hakimu kabla hajatoka, uombe waranti ya simu ya Fredy. Kisha tukutane nyumbani kwake, Hyattsville. Usiwashe king'ora."

Aliifuata barabara ya Rhode Island kuelekea kaskazini mashariki, magari yakienda kwa kusukumana, vifuta maji vikilia kwenye kioo. Anga lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa. Saa kumi jioni ilikuwa haijapita sana, na tayari watu wamewasha taa za magari.

Nyumba ya msiba aliijua kwa viatu. Vilipangwa kibarazani chini ya paa lililovuja, viatu vya wauguzi, vya wahudumu wa wazee, vya wapakia mizigo, vya watu waliotoka kazini moja kwa moja. Ndani, akina mama wenye khanga juu ya sweta walikuwa wamekaa chini wakiimba pambio kwa sauti za chini. Picha ya Vumilia ilisimamishwa juu ya kabati, amevaa sare ya kazini, anacheka. Elieth alivua viatu kama wengine.

Mama Honorata alimfuata kabla hajafika sebuleni. Ndiye aliyesimamia misiba yote ya Watanzania upande huu, na harusi zote, na usuluhishi wa wote waliogombana. Mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, sauti yake tulivu ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mwanangu, karibu. Lakini kama umekuja na maswali, mwache mfiwa apumzike. Hajala tangu juzi."

"Pole na msiba, mama. Nitaongea naye kidogo tu."

"Wewe ni mtoto wetu, Elieth. Watu wanaanza kusema. Wazungu wenyewe wameshasema ni ajali, wewe wa nyumbani ndiye unayetuzuilia maiti?"

"Vumilia aliwahi kukuletea malalamiko yoyote, mama?"

Mama Honorata alirekebisha khanga begani. "Kila ndoa ina kelele zake," alisema, akampisha.

Fredy alikuwa jikoni, amekaa na kaka wawili wa kanisani. Kijana wa miaka kama thelathini na minane, kifua kipana cha mtu wa maghala, macho mekundu. Alipomwona Elieth alisimama mwenyewe.

"Dada, bado?"

"Bado kidogo. Twende chini, nionyeshe mara moja tu. Na nikwambie mapema: hulazimiki kusema na mimi. Unaweza kunyamaza, unaweza kumwita wakili kwanza. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Sina cha kuficha."

"Naweza kurekodi?"

"Rekodi."

Ngazi zilianzia palepale jikoni, za mbao, zenye mwinuko mkali. Chini kulikuwa na harufu ya sabuni na unyevu. Elieth aliweka kinasa sauti juu ya mashine ya kufulia. Akavaa glavu, akachomeka pasi, akaisimamisha juu ya meza yake. Taa nyekundu ikawaka.

"Hiyo ya nini?" Fredy aliuliza.

"Nataka kuona inavyofanya kazi. Nisimulie tena, taratibu."

Fredy alisimulia, na hakubadilisha neno. Vumilia alitoka kazini mchana. Walipika pamoja, yeye Fredy akisonga ugali, mke akikatakata mchicha. Waliongea, wakacheka. Chakula kilipokuwa tayari, Vumilia akasema ngoja niweke nguo kwenye mashine kwanza. Akachukua tenga. Kikasikika kishindo.

"Tangu aingie mlangoni hadi alipochukua tenga, alishuka huku?"

"Hakushuka. Angeshuka ningemwona, mlango si uko pale pale jikoni?"

"Na wewe?"

"Mimi niliteremka baada ya kishindo. Kabla ya hapo wala."

"Na ile picha uliiona lini kwa mara ya kwanza?"

"Nimeshasema. Askari alipoitoa mfukoni mwake."

"Uliiona kwa karibu?"

"Kwa mbali. Aliitumbukiza kwenye plastiki akaondoka nayo."

Elieth alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Juu yao pambio liliisha, lingine likaanza.

"Nimetoka kuonana na aliyempa."

Taya la Fredy likakaza. "Mwanamume?"

"Mwanamume. Anasema ni ukumbusho wa mama yake aliyefariki. Anasema haina ubaya wowote."

"Haina ubaya!" Fredy alicheka, kicheko kikavu. "Msichana anafungua boksi, ubikira wake unaruka kama ndege, unampa picha hiyo mke wa mtu, halafu unasema haina ubaya? Dada, wewe ni mke wa mtu, ungeletewa hiyo ungeielewaje?"

Elieth aliacha maneno yale yakae kwenye kinasa sauti.

"Nani alikupa maana hiyo?" aliuliza hatimaye.

"Vumilia."

"Vumilia hakuijua. Aliyempa picha alimficha, kwa haya. Alimpa maana nyingine."

"Basi niliitafuta mwenyewe kwenye simu. Juzi. Baada ya msiba."

"Uliitafuta kwa kuandika nini? Maneno yake ni ya Kiholanzi."

"Siku hizi huandiki, dada. Unaipiga picha tu, simu inakutafu..."

Akakoma. Rangi ilimtoka usoni polepole, kuanzia mdomoni.

"Unaipiga picha," Elieth alirudia. "Sawa. Lakini karatasi ile imekuwa mikononi mwetu tangu ilipotoka mfukoni mwa mkeo. Hujaigusa. Sasa uliipiga picha lini, Fredy?"

Pasi ilitoa mlio mfupi, na taa yake nyekundu ikazimika. Fredy alishtuka kana kwamba ameguswa begani.

"Umeona?" Elieth alisema. "Ukiiacha bila kuigusa inajizima yenyewe, ili nyumba isiungue. Tumeongea hapa muda gani? Hata robo saa haijatimia. Askari wa kwanza alipoteremka ngazi hizi Jumanne, taa ilikuwa inawaka. Tunayo kwenye video. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa amesimama hapa akipiga pasi muda mfupi kabla ya wewe kupiga simu. Umesema wewe hukushuka. Umesema Vumilia alikuwa jikoni, anakata mchicha. Ni nani basi?"

Fredy aliitazama pasi.

"Karatasi ilikuwa imefinyangwa, kisha ikanyooshwa kwa pasi. Iliyonyooshwa ndiyo tuliyoikuta mfukoni mwake. Alikuwa huku chini, Fredy. Hakuwa anashuka na tenga. Alikuwa anapanda."

Fredy alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, pale pale walipomkuta mkewe. Alizungumza akiitazama sakafu.

"Niliikuta kwenye Biblia. Nilikuwa natafuta... sijui nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa natafuta kila siku. Nikamwuliza nani kakupa, akasema ni kumbukumbu ya bibi mmoja aliyekuwa akimhudumia. Nikamwonyesha simu, soma hapa wanavyosema. Akasema hiyo siyo maana yake, maana yake ni roho inayotoka mwilini. Nani angeamini? Nikaifinyanga nikaitupa kwenye taka, nikajua yamekwisha. Kumbe kaiokota. Kashuka nayo huku, nikasikia pasi inagonga. Karatasi tu, dada! Anainyoosha kama nguo ya harusi. Nilikaa pale juu nasikiliza."

"Akapanda."

"Akapanda ameishika mkononi, akaitia mfukoni huku ananitazama. Akasema anaondoka. Nikamwambia utaenda wapi? Mwezi uliopita si ulibeba begi ukaenda kwa Mama Honorata, si alikurudisha mwenyewe usiku uleule? Atakurudisha tena. Akasema safari hii siendi kwa Honorata."

"Halafu?"

Fredy alifunika uso kwa viganja. "Sikumsukuma kwa nguvu," alisema.

Elieth alihesabu pumzi zake kabla ya swali la mwisho. "Na tenga?"

Alitikisa kichwa.

"Sema kwa sauti."

"Nililirusha baadaye."

Ubao wa juu ulilia. Elieth aliinua macho. Mama Honorata alikuwa amesimama mlangoni mwa ngazi, sinia la chai mikononi, kikombe kimoja cha Fredy na kimoja cha mgeni. Haikujulikana amesimama pale tangu lini, ila chai ilikuwa imeacha kutoa mvuke. Nyuma yake alitokea Kimani, koti limelowa, waranti mkononi. Alimwomba mama ampishe, kwa Kiswahili safari hii, Kiswahili kibovu cha mtoto. Akashuka na pingu.

Walimpitisha Fredy mlango wa nyuma. Haikusaidia, kaka wa kanisani walikuwa wamesimama wima jikoni na mmoja alikuwa tayari analia kwa sauti, na kule sebuleni pambio lilikatika katikati ya ubeti, sauti moja baada ya nyingine, hadi ikabaki mvua. Elieth alimpigia daktari wa maiti akamwambia asitie saini. Alimweleza juu ya pasi, juu ya viganja, juu ya maneno yaliyomo kwenye kinasa sauti. Daktari alisema atamwangalia marehemu upya asubuhi.

Alipogeuka, Mama Honorata alikuwa ameketi kwenye kiti cha Fredy. Sinia alikuwa ameliweka mapajani, hajalitua.

"Mama," Elieth alisema, "mwili hautaondoka Jumapili. Samahani. Itachukua siku kadhaa."

"Aliyekuwa ausindikize alikuwa yeye."

"Najua."

"Alikuja na begi dogo tu," Mama Honorata alisema. "La mkononi. Nikamwambia, mke mwenye akili hasafiri usiku. Nikampikia uji, nikamrudisha kwa gari langu mwenyewe. Nikamkabidhi mlangoni, nikamwambia Fredy, huyu hapa mkeo." Alisema hayo kwa sauti ileile tulivu ya siku zote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulisikiliza. "Siku mwili utakapotolewa, nitausindikiza mimi. Nitamkabidhi mama yake."

"Atakuuliza maswali, mama."

"Aniulize."

Mmoja wa wanawake alichungulia mlangoni akiwa na simu mkononi. Alisema Iringa wanapaswa kuambiwa, taarifa zitawafikia kwa watu wa mitandaoni, je, apige sasa? Mama Honorata alitua sinia mezani, akasimama kwa kujisukuma kwa mikono yote miwili.

"Kule ni saa saba ya usiku," alisema. "Usimpigie. Mwache mama wa watu alale usiku huu mmoja."